Nani Ameshika Kamba?

Ukiingia Hell's Gate kupitia Lango la Elsa, huhitaji ramani. Fuata ile barabara ya vumbi, kwa miguu au kwa baiskeli ya kukodi, na baada ya muda mfupi utauona mnara wa mawe umesimama peke yake kando ya njia, kama abiria aliyeachwa na matatu. Ndio Mnara wa Fischer. Urefu wake ni kama mita 25, yaani jengo la ghorofa saba au nane. Pimbi wanaukwea na kuushuka wakitafuta jua, bila kamba na bila kulipa kiingilio. Chini yake, kwenye kivuli, utawakuta vijana wamekaa na kamba, kofia ngumu na mishipi ya kiunoni, wakingoja kuona nani leo atajaribu.

Nilijaribu mimi, nikiwa na miaka hamsini na kitu na tumbo la mtu wa ofisi.

"Mzee, umewahi kukwea?" kijana mmoja aliniuliza huku akinivalisha mshipi.

"Miparachichi, utotoni, kule Bahati."

"Basi unajua. Tofauti ni kwamba huu hauna matawi."

Akanionyesha fundo la nane, akalifungua, akaniambia nilifunge mwenyewe. Nililikosea mara mbili. Kisha akanieleza mpango wote kwa maneno machache: kamba imepanda hadi juu, imepitia kwenye chuma kilichofungwa imara mwambani, na imeshuka tena hadi kwake. Mwisho mmoja umefungwa kwangu, mwisho mwingine uko mikononi mwake, umepita kwenye kifaa kidogo cha chuma kinachoibana kamba ikivutwa ghafla. Kila nikipanda, yeye anavuta ulegevu. "Miguu ndiyo inabeba, mzee. Mikono ni ya kushikilia tu. Ukianguka huendi mahali, nimekushika."

Katikati ya safari nilikwama. Mguu wa kushoto ulianza kutetemeka kama cherehani. Nikaangalia chini, jambo ambalo kila mtu hukwambia usilifanye, na nikamwona yule kijana ameegemea nyuma kidogo, macho yote kwangu, mkono mmoja umebana mkia wa kamba. Rafiki yake alikuwa akimsemesha. Hakumjibu. Hapo ndipo niligundua kwamba kukwea, mchezo tunaouona kama kazi ya mtu mmoja na mwamba, ni kazi ya watu wawili, na kwamba yule wa pili haonekani kwenye picha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma upya historia ya miamba yetu ya Bonde la Ufa nikiwa na swali moja tu. Vitabu vinatuambia nani alifika wapi na mwaka gani. Je, nani alikuwa ameshika kamba?

Tuanze na mwamba wenyewe. Mnara wa Fischer ni kizibo cha volkano. Zamani sana lava ilipanda kwenye koo la mlima wa moto, ikapoa humo humo na kuwa ngumu, kisha udongo na majivu laini yaliyoizunguka yakaliwa na maji na upepo, kizibo kikabaki kimesimama uchi. Kuta ndefu nyekundu zinazokwenda sambamba na barabara nazo zina kisa chao. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko leo mara nyingi, likafurika kuelekea kusini na kukata njia ya kutokea. Njia hiyo ndiyo korongo la Njorowa. Maana yake ni kwamba tunapokwea pale, tunakwea kwenye kingo za mto uliokufa.

Na watu walikuwepo. Katika bonde la Naivasha na kwenye mlima Eburru kuna obsidiani, yale mawe meusi yanayong'aa kama kioo, ambayo ukiyavunja kwa ustadi yanatoa makali ya kunyolea. Watu wa kale walipanda miteremko hii kuyatafuta, wakayabeba, wakayabadilisha kwa vitu vingine. Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill, pale nje kidogo ya mji wa Nakuru, mwaka 1937 na 1938, vifaa vya jiwe hilo vilikuwa miongoni mwa vitu alivyovikuta. Kilima hicho, kwa njia, kimepewa jina la pimbi. Kwa hiyo ukiniuliza nani alikuwa mkweaji wa kwanza katika kaunti yetu, nitakwambia: baada ya pimbi, ni mtu aliyekuwa akitafuta kisu.

Wamaasai waliolisha ng'ombe hapa waliyapa mahali haya majina na visa. Kisa cha ule mnara unaweza kukisikia kwa waongozaji hata leo. Binti mmoja alikuwa anatolewa kwao kwenda kuolewa. Aliambiwa asigeuke kuangalia nyuma. Moyo wa kwao ukamvuta, akageuka, akawa jiwe. Ndiye yule, anaangalia bado.

Sasa aje Fischer. Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyefanya kazi Unguja. Chama cha Jiografia cha Hamburg kilimtuma atafute njia ya kupita nchi ya Wamaasai hadi Ziwa Viktoria, naye akaondoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1882 akiwa na msafara wa wapagazi wa pwani. Mwaka 1883 alifika Naivasha. Hapo Wamaasai wakamzuia. Hakuendelea mbele, akarudi pwani, na mwaka 1886 akafariki akiwa kwao Ujerumani. Mnara haukupewa jina lake kwa sababu aliukwea. Ulipewa kwa sababu alifika hapa, akageuka. Binti wa Kimaasai aligeuka akawa jiwe, mgeni aligeuka akapewa jiwe. Mimi sioni haki hapo, lakini ndivyo ramani zinavyochorwa.

Hata njia yenyewe haikuwa ngeni. Mwaka 1870, miaka 13 kabla Fischer hajafika Naivasha, jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilichapisha maelezo ya njia za misafara toka pwani hadi bara. Aliyeyapeleka alikuwa mmisionari Thomas Wakefield. Aliyeyajua alikuwa mfanyabiashara wa pwani, Sadi bin Ahedi, aliyezitembea njia hizo na kuzikariri kituo kwa kituo, maji yako wapi na watu gani wanaishi wapi. Wakefield aliandika, Sadi alisema. Joseph Thomson naye, aliyepita Naivasha mwaka huo huo wa 1883 na kufanikiwa pale Fischer aliposhindwa, aliandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua nchi hiyo tayari. Swala mrembo tunayemwona Hell's Gate akirukaruka anaitwa kwa Kiingereza kwa jina la Thomson. Kimameta hana hata panya.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi Fischer na Thomson hawakutembea. Walitembea, wakaugua, wakaogopa. Ninachosema ni kwamba walikuwa wamefungwa kwenye kamba, na mwisho wa pili wa kamba hiyo ulikuwa mikononi mwa watu.

Ukitaka kuona jambo hili likifika kileleni, inua macho toka bondeni uangalie mashariki, upande wa Mlima Kenya. Septemba 1899 Halford Mackinder, Mwingereza mwalimu wa jiografia, alifika juu kabisa akiwa na waongozaji wawili wa milima ya Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel. Vilele akavipa majina ya familia ya malaibon wa Kimaasai: Batian, Nelion, Lenana. Msafara wake ulikuwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu zaidi ya mia moja. Nyaraka za safari zinawataja wapagazi wanane kuwa walipigwa risasi kwa amri, na wanahistoria wanabishana hadi leo juu ya kilichotokea na nani aliitoa amri hiyo. Hakuna kilele chenye jina la yeyote kati yao.

Lenana, ambaye jina lake liko juu ya barafu, alikuwa bado hai. Mwaka 1904 yeye na viongozi wenzake waliweka alama zao kwenye mkataba na serikali ya Waingereza, na kwa mkataba huo Wamaasai wakatakiwa kuyaacha malisho ya Bonde la Ufa karibu na reli, Naivasha na Nakuru zikiwemo, wahamie Laikipia na kusini. Waliahidiwa kwamba nchi mpya itakuwa yao maadamu Wamaasai wapo. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 wa Laikipia wakahamishwa tena. Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa. Kwa hiyo yule aliyepewa mlima kwa jina aliondolewa kwenye bonde kwa mguu. Na huku chini, kwenye mashamba ya walowezi kando ya ziwa, miamba ya Njorowa ikawa mahali pa matembezi ya Jumapili.

Chama cha Milima cha Kenya, ambacho bado kipo, kilianzishwa mwaka 1949. Mmoja wa nguzo zake alikuwa Arthur Firmin, mpigapicha wa Nairobi. Wengi wa wanachama wa mwanzo walikuwa Wazungu, na si ajabu: nani mwingine alikuwa na gari, mapumziko ya wikendi na kamba? Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Mwafrika wa wakati huo alitembea na kipande. Miaka mitatu baada ya chama kuanzishwa ikatangazwa Hali ya Hatari. Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha wakachukua silaha na kuwafungua wafungwa. Jiulize, katika miaka hiyo, kijana wa Kikuyu angekutwa amejificha katikati ya ukuta wa Njorowa na kamba begani, angesema nini? "Nafanya mazoezi, afande"? Mwamba ule ule ulikuwa mchezo kwa mmoja na kitanzi kwa mwingine.

Ndiyo maana habari ya Kisoi Munyao hunigusa kila nikiikumbuka. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, wakati bendera ya Kenya ilipokuwa ikipandishwa Nairobi, yeye alikuwa Mlima Kenya, kwenye upepo na theluji, akiipandisha bendera ile ile huko juu. Alikuwa mkweaji, si mpagazi. Alipanda akiwa amefungwa kwenye kamba pamoja na wenzake wa chama, kila mmoja akimshika mwenzake. Nadhani picha hiyo ilikuwa na maana zaidi ya bendera. Kwa mara ya kwanza taifa zima liliambiwa kwamba Mwafrika anaweza kuwa kwenye ncha yoyote ya kamba.

Baada ya uhuru chama kiliendelea, na miaka ya 1970 na 1980 ndiyo iliyoifanya Hell's Gate kuwa chuo cha wakweaji wa nchi hii. Watu kama Iain Allan na Ian Howell walifungua njia nyingi kwenye kuta hizo, wakazipa majina na madaraja ya ugumu. Howell ndiye yule aliyejenga kibanda kidogo cha bati juu ya kilele cha Nelion mwaka 1970, akipanda na kushuka peke yake mara kwa mara hadi kikamilika. Ni kazi ya kuheshimiwa. Miamba ya Njorowa ina nyufa ndefu zilizonyooka, kwa sababu lava ikipoa hupasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Kwenye nyufa hizo mkweaji huingiza kabari za chuma, hupitisha kamba, huendelea. Asiye na kabari huingiza ngumi.

Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke ulianza kazi Olkaria, na mwaka 1984 Hell's Gate ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 68 na kidogo. Ikawa mojawapo ya hifadhi chache za Kenya ambapo unaruhusiwa kutembea kwa miguu katikati ya pundamilia. Tai wanaotaga kwenye kuta hizo nao wana haki yao: kuna sehemu ambazo mkweaji hatakiwi kuzigusa wakati wa viota. Lakini mvuke na hifadhi havikushuka mahali patupu. Mwaka 2014 familia za Kimaasai za vijiji vya Olkaria zilihamishwa kupisha mitambo mipya, zikalalamika, malalamiko yakafika hadi Benki ya Dunia. Ukikaa juu ya Mnara wa Fischer unaona moshi mweupe wa visima. Taa za nyumba yangu ziko kwenye moshi ule. Siwezi kujifanya simo.

Ni katika hifadhi hii ndipo kamba ilipobadilisha mikono, na haikufanyika kwa sherehe. Wageni walikuja, wakahitaji wa kuwaongoza. Vijana wa Naivasha na vijiji vya karibu wakajifunza, wengine kwa kuwatazama wakweaji wa chama, wengine kwa kufundishana. Leo mtalii wa Berlin anafika chini ya mnara wenye jina la Mjerumani, na anayemfundisha kufunga fundo la nane ni mtoto wa hapa. Ukiniuliza, hilo ni tukio la kihistoria kuliko ziara ya Fischer. Hakuna kibao kinacholitaja.

Na kazi hiyo si ya kamba peke yake. Chini ya kuta kuna korongo jembamba, zuri ajabu, lenye hatari ambayo haionekani. Mvua ikinyesha mbali, kwenye miinuko, wewe uliye chini unaona anga la bluu tu. Maji yanakuja ghafla, yamebanwa kati ya kuta, na hakuna pa kukimbilia ila juu. Aprili 2012 vijana wa kikundi cha kanisa kutoka Nairobi walikufa humo. Septemba 2019 mafuriko mengine yaliua watu 7, na mmoja wao alikuwa mwongozaji wa hapo hapo. Korongo likafungwa. Magazeti yaliandika kuhusu watalii, kama ilivyo kawaida. Mimi nilibaki nikimfikiria huyo mwongozaji. Alizijua kona za lile korongo. Pengine angekuwa peke yake angeokoka. Lakini mwongozaji hawi peke yake, hiyo ndiyo maana ya kazi yake.

Nilimuuliza kijana wangu kuhusu siku hiyo. Alinyamaza kidogo, akakunja kamba mizunguko miwili mitatu. "Mzee, mvua ya hapa hauiangalii hapa," alisema. "Unaangalia kule," akaonyesha kwa kidevu miinuko ya mbali. Halafu akasema wageni wengi hukasirika ukiwaambia leo hatuingii. Wamelipa, jua linawaka, wanadhani unawanyima. "Wengine wanasema wataniripoti. Sawa, waniripoti. Lakini wanaripoti wakiwa hai."

Nikakumbuka Sadi bin Ahedi na orodha yake ya visima. Ni elimu ile ile: kujua maji yako wapi, na yatakuwa wapi kesho. Elimu hiyo haijawahi kukosekana katika bonde hili. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandikia jina. Tunaweza kuanza hata kesho. Waongozaji wanaofungua njia mpya kwenye kuta hizi wazipe majina kwa Kiswahili, kwa Kimaa, kwa Kikuyu, kwa chochote wanachozungumza wakiogopa. Vitabu vya mwongozo viwataje. Watoto wa shule za Nakuru, ambao hupelekwa kwa basi kuona flamingo, wapelekwe pia chini ya mnara, waambiwe kwamba kuna wa kwao wanaofundisha dunia kukwea, na wafungwe mshipi wajaribu.

Sijawaambia kama nilifika juu. Nilifika, baada ya kumsumbua yule kijana kwa karibu saa nzima. Juu ni padogo, pana upepo na mavi ya pimbi. Nilikaa dakika chache, nikapiga picha moja ya tumbo langu na visima vya Olkaria, nikashushwa taratibu kama ndoo.

Nilidhani somo limekwisha. Nikaanza kufungua mshipi.

"Bado," kijana alisema. "Hiyo ilikuwa nusu." Akamwita mwenzake, akamfunga kamba, kisha akachukua ule mwisho wa pili, akaupitisha kwenye kifaa na kukifunga mbele ya mshipi wangu. Akasimama nyuma yangu, akashika mkia wa kamba karibu na mkono wangu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuendesha baiskeli. Mwenzake akaweka mguu wa kwanza ukutani.

"Sasa wewe shika, mzee. Na usiangalie simu."

Nikashika. Tumbo langu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, lilikuwa na faida.